Sega Moja Kutoka kwa Wekundu

9 Februari

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba goti limeacha kukusumbua ngazini. Mimi sijambo. Binamu alinipigia kuniambia mtoto wake ameanza kutembea, na kwamba kila kitu pale kwake kimehamia juu ya kabati, hata viatu. Nami nimehamia chumba kilicho karibu na kazini. Kina dirisha moja linalotazama ukuta wa jirani. Naupenda ukuta ule kwa kuwa hauniulizi kitu.

Ulisema niandike nisipige simu, kwa sababu kwenye simu najibu "ndiyo" na "hapana" kama mtu aliyekamatwa. Basi naandika.

Nimepata kazi. Ni ukarani katika maabara ya utafiti wa nyuki. Najua umeshacheka, kwa hiyo cheka umalize kisha uendelee kusoma. Sifungui mizinga. Kati yangu na nyuki kuna milango miwili na wavu. Napokea chupa, nabandika vibandiko, napiga muhuri, naandika kilichoingia kwenye friza na kilichotoka.

Siku ya kwanza niliokota kichupa kilichoanguka, na fundi wa maabara, ambaye wote wanamwita Miwani, akapiga kelele: "Karani! Vidole hivyo vitakula kazi ya wiki nzima!" Nilidhani ananitania. Kumbe wanachokitafuta ndani ya nyuki kinaitwa RNA, na ngozi ya mtu ina vitu vinavyoikatakata kabla hujamaliza kuomba radhi. Tangu hapo navaa glovu hata kushika kalamu. Miwani anasema nitalala nazo. Kusema kweli, nimeshawahi.

Jambo lililonifanya nichukue kalamu ni hili. Uliandika kwamba nyuki wako wanatambaa chini mbele ya mizinga, mabawa yamekunjamana kama karatasi iliyolowa. Hapa wanao nyuki wa namna hiyo, wamo kwenye chupa mezani kwa Daktari, mkuu wetu. Wanasema ni kirusi, na utitiri ndio unaokieneza. Nisingependa kukutisha. Ila naomba uniambie imebaki mizinga mingapi.

Ni mimi mwanao, karani.

27 Februari

Bwana Muhuri, mwanangu,

Marahaba, na hiyo ni ya mwaka mzima, maana salamu zako huja kwa msimu. Goti ni zima, ngazi ndiyo mgonjwa. Paa linavuja upande uleule. Paka amezaa kwenye sanduku la nguo zangu nzuri, nami sina nguvu za kumfukuza mzazi.

Nilicheka, naam. Mtoto aliyekuwa akijifungia chooni baba yako akitoa bomba la moshi la kutulizia nyuki, leo analishwa na nyuki haohao! Dunia ina utani wake.

Mwaka jana ilikuwa mizinga kumi na mmoja. Sasa ni sita, na yote sita ina wagonjwa. Nitakwambia wazi, kwa kuwa mficha maradhi kifo humuumbua. Ikiisha hiyo, nafunga nyumba. Sina sababu ya kuamka katika nyumba hii kama hakuna kinachovuma nyuma yake. Nitampa binamu yako funguo, naye ataniweka sebuleni kwake, labda nami juu ya kabati.

Sasa nijibu. Hiyo RNA ni kitu gani? Ni mdudu, ni dawa, ni nini? Na waulize watu wako jambo linalonisumbua tangu ujana. Nyuki mchanga hukaa ndani akilea watoto, yale majana meupe. Siku moja anatoka kwenda kutafuta maua, na hakuna aliyemtuma. Baba yako alisema ni umri tu. Lakini mwaka ule shamba la jirani lilipopigwa dawa na nyuki wa nje wakafa, wachanga walitoka kabla ya siku zao. Na mwaka mwingine walezi walipopungua, niliona wazee wamerudi ndani kulea. Basi si umri peke yake. Nani anawaambia?

Na kama dawa ipo, iombe. Mdomo hukupewa wa kunywea chai tu.

Shangazi yako.

20 Machi

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Pole kwa paa, na hongera kwa paka. Nimechelewa kwa sababu ilinichukua muda kuuliza. Mara mbili nilifika mlangoni kwa Daktari na sinia la chupa, nikarudi. Mara ya tatu akasema bila kuinua macho, "Karani, unaingia au unatoka?" Nikasema, "Sijui, Daktari." Akasema, "Basi ingia, utajua ukiwa ndani."

Nilivyoelewa ni hivi. Kila seli ina kumbukumbu kuu ambazo hazitoki ofisini. RNA ni nakala zinazotolewa ili zipeleke maagizo. Hilo nililielewa upesi maana ndiyo kazi yangu. Lakini kuna RNA nyingine ndogo sana zisizobeba agizo lolote. Kazi yao ni kunyamazisha. Hulishika agizo linalofanana nazo, nalo hukatwa au hukaa bila kusomwa. Nilimwuliza, "Kwa hiyo ni makarani wanaopoteza barua makusudi?" Miwani alicheka hadi akavua miwani. Daktari hakucheka. Alisema, "Si vibaya."

Nyuki huutumia unyamazishaji huo kama kinga. Kirusi kikijinakili ndani yake huacha RNA yenye nyuzi mbili zilizolalana, kitu ambacho seli ya nyuki haikitarajii. Seli hushtuka na kukikata vipande, halafu huwagawia walinzi wake, kama picha ya mwizi iliyokatwakatwa: huyu kapewa sikio, yule kapewa pua. Mwenye pua akikutana na pua ile tena, hakuna mjadala, anaikata. Daktari ametengeneza sharubati yenye RNA ya nyuzi mbili inayofanana na kipande cha kirusi. Ni picha, mwizi mwenyewe hayumo. Anatumaini nyuki wakiinywa watamjua mwizi kabla hajafika.

Swali lako la nyuki anayetoka nje lilimfanya Daktari aweke kalamu chini. Nyuki ni yuleyule, alisema, urithi wake haukuongezwa wala kupunguzwa. Lakini ukipima bongo za walezi na za watafutaji, utakuta RNA ndogo kadhaa zimepanda kwa hawa na kushuka kwa wale. Nikauliza kama ndizo zinazomtoa nje. Akasema, "Ama zinamtoa, ama zinamfuata. Hapo ndipo tulipokwama." Sijawahi kumwona mtu mkubwa akisema amekwama na huku amefurahi.

Kisha nikaiomba dawa. Sijui sauti niliitoa wapi. Amekubali mizinga yako iingie kwenye jaribio pamoja na ya wafugaji wengine, kwa sharti moja. Mitatu itapewa chupa zenye kibandiko chekundu, mitatu zenye cha njano. Upande mmoja una RNA, mwingine ni maji ya sukari matupu, na upi ni upi anajua Daktari peke yake. Sharubati ya nyekundu isiguse mzinga wa njano, wala ya njano isiguse mwekundu. Ameniuliza kama wewe ni mtu wa kushika neno. Nimesema ndiyo. Shangazi, nimekudhamini kwa kinywa changu.

Mwanao.

2 Mei

Mwanangu Muhuri,

Marahaba. Watoto wa paka wamefumbua macho, na mmoja ana hasira kama marehemu bibi yako. Huyo fundi wenu Miwani alikuja na chupa. Kijana mcheshi, amekula vizuri, akaniuliza kama ulikuwa hivihivi tangu mdogo. Nikamwambia ulikuwa mbaya zaidi. Kofia ya baba yako, ile yenye wavu, aliiona msumarini akauliza ni ya nani. Nilimwambia. Sikusema zaidi.

Nimeshika neno lako. Kila chupa imeenda kwa mwenyewe, na vijiko nimevitenga.

Lakini nikwambie jinsi mechi inavyokwenda. Wekundu wanawafunga Wanjano. Mbele ya mizinga myekundu wanaotambaa wamepungua, nikifungua kifuniko nasikia ile sauti yao ya zamani. Mzinga mmoja wa njano umekufa. Niliwakuta wamelundikana kuzunguka malkia, gumzo lote limekwisha. Miwili iliyobaki ni kikombe kimoja cha nyuki, na majana wanaachwa bila kulishwa.

Hata mimi niliyesomea darasa la jikoni naona dawa iko wapi. Mwambie Daktari aniruhusu niwape na Wanjano. Huwezi kulisha mtoto mmoja mwenzake akitazama.

Shangazi yako.

15 Mei

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Nimesoma barua yako nimesimama, kisha nimekaa nikaisoma tena.

Nilimwuliza, na jibu ni hapana. Daktari alinieleza taratibu. Nyuki hupona wakati mwingine wenyewe, maua yakichanua au utitiri ukipungua. Bila Wanjano wa kulinganisha nao, hatutajua kama Wekundu wameponywa na chupa zao au na msimu mzuri. Alisema hata yeye hapendi kuwatazama wakifa.

Naomba uvumilie hadi mwisho wa Septemba. Najua ninachokuomba. Najua pia nakuomba nikiwa mbali, chumbani, nikitazama ukuta.

Mwanao.

30 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Fundi wa paa alikuja akapanda, akashuka, akasema tatizo ni kubwa. Nikamwambia hilo nililijua nikiwa chini. Mbuzi wa jirani ameingia bustanini mara mbili. Binamu yako ameleta picha za mtoto, ana paji la uso la ukoo wetu, maskini. Watoto wa paka nimewagawa, ila yule mwenye hasira amekataa kuondoka.

Wanjano wawili wameamka. Wanatoka vizuri asubuhi.

Huku mvua zimekatika. Kula vizuri, na uache kulala na glovu.

Shangazi yako.

14 Julai

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Pole kwa mbuzi. Nisamehe, nitafupisha salamu.

Miwani alirudi na sampuli za mizinga yako. Wamepima. Majana wa Wanjano wana alama za RNA ya sharubati. Si nyingi, lakini ipo, na haikupaswa kuwapo hata chembe. Daktari aliniita na kufunga mlango. Hakupaza sauti, na ingekuwa nafuu kama angepaza. Chupa zote hupitia mikononi mwangu, vibandiko nabandika mimi. Aliniuliza, "Ulichanganya?" Nikasema nadhani sikuchanganya. Akasema, "Karani wangu hawezi kudhani."

Nimekagua chupa zote zilizobaki, kila moja ipo mahali pake. Lakini wewe unanijua. Mtu akiniuliza kama nimeua, nitaanza kukumbuka nilikuwa wapi. Kama kosa ni langu, mizinga yako na ya wafugaji wengine wote waliopata chupa kutoka kwangu haina maana tena, na jaribio zima linatupwa.

Umesema Wanjano wameamka. Hukusema kwa nini. Nakuomba uniambie ulifanya nini, kama ulifanya kitu.

Mwanao.

4 Agosti

Shangazi,

Shikamoo. Sijapata jibu. Nakaa roho juu kila anapokuja mleta barua. Daktari amesimamisha chupa za wafugaji wote hadi tujue. Amenipa hadi mwisho wa mwezi nimpe maelezo. Nimefikiria kusema nilikosea, ili yaishe. Miwani amesema nikifanya hivyo atanimwagia sharubati kichwani.

Mwanao.

10 Agosti

Mwanangu,

Usiseme ulikosea. Sema nilichokuandikia hapa.

Sharubati sikuichanganya. Neno lako nililishika kama lilivyo, chupa kwa mwenyewe, kijiko kwa mwenyewe. Nilichofanya nimekifanya miaka yote, na bibi yako kabla yangu. Mzinga ukidhoofika, unachukua sega moja kutoka mzinga wenye nguvu, lenye majana na walezi wachanga juu yake, unalitia katikati ya wanyonge. Wachanga hawapigani. Wanapokelewa, wanaanza kulea watoto wa pale kama wao. Katikati ya Mei niliwapa Wanjano sega moja moja kutoka kwa Wekundu. Nilifanya kama mtu anavyofunga dirisha mvua ikinyesha. Kilichokatazwa ni sharubati, na sharubati ilikuwa kabatini.

Barua yako ya Julai ndiyo iliyonifungua macho. Nikaiweka chini ya sahani. Niliogopa watakuja kuniondolea chupa na mizinga itamalizikia hapo. Nilijiambia kimya kitapita. Kumbe huku kimya, huko wewe unachomwa. Nimekuwa nikikucheka kwa woga wako, na mimi nilijificha nyuma ya mbuzi wa jirani.

Waje wachukue chupa zao. Nyumba nitaifunga nikiwa na akili timamu. Wewe simama wima.

Shangazi yako.

29 Agosti

Shangazi mpendwa,

Shikamoo, na shikamoo nyingine kwa ajili ya barua yako.

Sikurudi na sinia mara hii. Nilibisha, nikaingia, nikasema yote kabla hajaniuliza kama naingia au natoka. Nilisema ni shangazi yangu, na mimi ndiye niliyemdhamini. Nilisema pia kwamba sharti lilisema sharubati, halikusema masega, na kwamba sharti lile niliandika mimi kwa maelekezo yake.

Daktari alifunga daftari lake. Kisha akasema, "Mizinga ya shangazi yako imetoka kwenye hesabu. Yote."

"Ndiyo, Daktari."

"Wafugaji wengine wanaendelea. Kesho toa chupa zao."

"Ndiyo, Daktari."

"Sega lilikuwa na walezi juu yake?"

"Walezi wachanga, na majana."

"Na sharubati? Kulikuwa na sharubati imehifadhiwa kwenye vitundu vya sega?"

"Hakusema."

Alisimama akaenda dirishani. Miwani, aliyekuwa akisikiliza mlangoni bila aibu, akasema, "Daktari, uso huo naujua. Tumeshapata safari."

Sikiliza kinachomsumbua. Mlezi mchanga hutengeneza maziwa kichwani mwake na kuwalisha majana. Ikiwa Wekundu walikunywa RNA, ikapita mwilini mwao ikaingia kwenye maziwa yale, basi majana wa Wanjano wameipata kutoka kwa yaya wa kuazima, bila kuonja sharubati. Yaani picha ya mwizi inapokezanwa nyumba kwa nyumba, na kinga inanyonyeshwa. Daktari anasema wapo waliokwisha kuona jambo la namna hiyo maabarani. Hakutarajia lije kwa mtu aliyekuwa akiokoa tu mizinga yake. Lakini pia huenda sharubati ilibebwa ndani ya vitundu vya sega, nayo itakuwa hadithi ndogo. Hatujui. Ili tujue, inabidi wachukuliwe walezi peke yao, bila sega, wapewe majana wageni, kisha tupime.

Anataka kufanya hivyo kwako, na wewe ukiwa pale, kwa kuwa anasema hajui kuhamisha walezi bila kuwapoteza nusu. Anauliza kama utakubali. Na kwa kuwa mizinga yako haimo tena kwenye hesabu, hakuna kinachozuia yote mitano kupewa dawa baada ya kipimo. Chupa nimeshaziweka tayari, zote zina kibandiko chekundu.

Ameniambia niende naye nibebe boksi la barafu. Nilisema mimi ni wa ofisini. Akasema, "Shangazi yako ndiye aliyetuambia kwamba wa ndani hutoka wakihitajika."

Tutafika tarehe kumi na mbili. Shangazi, sijakanyaga hapo tangu tulipomzika baba, na hujawahi kuniuliza. Asante kwa kutoniuliza. Bado siwezi kulisema vizuri. Hofu ya nyuki ni sehemu yake ndogo tu.

Mwanao.

5 Septemba

Mwanangu Muhuri,

Marahaba, baba yangu.

Mwambie Daktari aje. Sharubati ya kwenye vitundu ilikuwapo au haikuwapo sikumbuki, na sitajifanya nakumbuka ili nipendeze. Tutaangalia pamoja. Aje asubuhi kabla ya jua kuwa kali, asijipake manukato, na Miwani wenu aje na njaa. Wanjano wawili ni wazima. Mzinga uliokufa nimeukwangua nimeuanika, uko tayari kama mtapenda kuutumia kwa hao majana wageni.

Binamu yako ameuliza nahamia lini. Nimemwambia kwanza ashushe vitu kabatini.

Kofia ya baba yako nimeishona pale wavu ulipotoboka. Alikuwa na kichwa kikubwa, kwa hiyo tia kitambaa ndani isikuzibe macho. Ukiogopa, simama nyuma yangu ushike bomba la moshi. Yeye naye alianzia hapo, kwa babu yako, na mikono yake ilikuwa ikitetemeka hadi moshi unatoka vipandevipande. Hakukwambia hilo. Alinikataza nisikwambie.

Sitakuuliza hata ukifika.

Mlango wa nyuma umevimba kwa unyevu. Usibishe hodi, usukume kwa bega.

Shangazi yako.